SOMO LA MIMEA: KAKTUSI NDOGO ZENYE WATOTO NA MAUA, NA NAMNA YA KUZITUNZA HAPA BUNIA



Somo la safari hii ni juu ya kaktusi ndogo, zile zenye kukaa ndani ya kopo moja kama kundi la mipira ya miiba, mama katikati na watoto pembeni. Siku nyingi zinanyamaza tu, halafu asubuhi moja unakuta ua limefunguka, na pengine ua lenyewe ni kubwa kuliko mmea uliolizaa. Wengi wetu tunaziona kwenye baraza za watu na kuzipita. "Ah, hii iko miiba tu!" Lakini ndani ya miiba hiyo kuna somo kubwa la biolojia, na kuna jambo la hatari vilevile ambalo kila mwenye wadogo nyumbani anapaswa kulijua. Nitaanza na hilo la hatari.

KUTENGANISHA KAKTUSI NA EUFORBIA

Hapa kwetu kila mmea mnene wenye miiba tunauita kaktusi. Hiyo si kweli. Ile miti mikubwa yenye matawi kama kinara cha taa, unayoiona katika mbuga ukishuka upande wa Kasenyi na Ziwa Albert, si kaktusi. Ni euforbia. Ule uzio wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanauita mnyaa, ni euforbia vilevile. Na lile ua dogo jekundu lenye shina la miiba, ambalo watu wanaliita taji ya miiba, ni euforbia tena: jina lake la kisayansi ni Euphorbia milii, na kwao ni Madagaska.

Kwa nini kutenganisha? Juu ya maziwa yake. Ukivunja euforbia inatoa maziwa meupe, na maziwa hayo ni sumu ya ngozi, zaidi sana ya macho. Mtoto akicheza na kijiti kilichovunjika, kisha akajipangusa jicho, anaweza kupata maumivu makali na hata kupofuka kwa siku kadhaa. Asipotunzwa, jicho linaweza kuharibika kabisa. Hayo yakitokea, usitafute mafuta wala maziwa ya mama wala majani ya kukamua. Chukua maji safi mengi, fungua jicho la mtoto, mwagilia polepole robo saa nzima hata akilia, kisha umpeleke hospitali. Yule aliyekata uzio naye anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa uso wake.

Basi tutazitambuaje? Wengine wanasema, vunja uone: yenye maziwa ni euforbia, yenye maji ni kaktusi. Alama hiyo haitoshi. Kuna kaktusi za jamii ya Mammillaria ambazo nazo zina maziwa meupe. Alama ya kweli iko pale miiba inapotokea. Katika kaktusi, miiba yote ya mahali pamoja inatoka katika kitako kidogo kama godoro la pamba, na maua na watoto wanatokea karibu na vitako vya namna hiyo. Mmea wowote usio na kitako hicho si kaktusi, hata ukiwa na miiba elfu. Euforbia haina. Mara nyingi miiba yake inasimama miwili miwili kama pembe za mbuzi, juu ya ngozi ngumu.

Kaktusi zote, karibu aina 1,500, asili yake ni Amerika, kuanzia Kanada hata kusini kabisa mwa Argentina. Afrika inazo aina nyingi za euforbia, lakini kaktusi iliyofika huku bila kupandwa na mtu ni moja tu, nayo inaitwa Rhipsalis baccifera. Haina sura ya kaktusi hata kidogo. Inaning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa ya misitu ya mvua, ya Kongo yetu pia, kama kamba nyembamba za kijani, na matunda yake ni meupe, madogo, yenye ulimbo. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba ndege walivuka bahari na mbegu zake. Basi mwenye kwenda kwao upande wa msitu wakati wa likizo, akikuta tawi kubwa limeanguka, alitazame vizuri kabla ya kulifanya kuni.

Neno dogo kwa walimu wa Shule ya Jumapili. Kuna picha za hadithi za Biblia zinazoonyesha kaktusi kubwa ya majani bapa kando ya njia ya Yerusalemu. Mchoraji aliiona kweli katika nchi ile, lakini yeye aliishi nyuma sana. Kaktusi hiyo ilitoka Amerika, nayo haikuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Bwana wetu hakuiona. Wala taji ya miiba aliyovikwa haikuwa Euphorbia milii, maana mmea huo ulipelekwa Ufaransa mwaka 1821 na gavana wa kisiwa cha Réunion aliyeitwa Milius, na jina lake limebaki juu ya mmea.

KWA NINI HAIFI KWA KIU

Hapa wenye kusoma biolojia wasikilize, maana jambo hili linaweza kuulizwa katika Egzame ya Taifa. Majani ya muhogo ao ya maharagi yana matundu madogo sana ambayo mmea unayafungua mchana kuingiza hewa ya kaboni. Lakini mlango ukiwa wazi wakati wa jua kali, maji nayo yanatoka. Kaktusi inafanya kinyume. Mchana inafunga matundu yake. Usiku, wakati wa baridi, inayafungua, inaingiza hewa ya kaboni na kuiweka akiba kama asidi ndani ya chembe zake. Kesho jua likitoka, milango imefungwa tayari, nayo inatumia ile akiba kutengeneza sukari. Kwa kifupi ginsi hiyo inaitwa CAM. Nanasi nalo linafanya hivyohivyo, basi mfano mmoja tunao sokoni.

Majani yake yamegeuka kuwa miiba, na shina ndilo linafanya kazi ya majani na ya pipa la maji. Lakini mambo ya namna hii yanakwenda polepole. Mmea unaofungua mlango usiku tu hauwezi kukua kama mahindi. Mwenye kutaka mavuno ya miezi mitatu apande maharagi.

ZIPI ZINAFAA

Za kuzaa kundi ni nyingi. Mimi nitasema juu ya nne.

Mammillaria asili yake hasa ni Meksiko. Mwili wake hauna mistari kama ya boga, una vinundu vidogo vidogo, na maua yanatokea kati ya vinundu, karibu na kichwa, yamejipanga kama shada. Mammillaria prolifera ndiyo rahisi kuliko zote: inazaa watoto wengi sana, maua yake ni ya rangi ya siagi, na baadaye inatoa matunda mekundu kama pilipili ndogo.

Echinopsis, hasa ile inayoitwa Echinopsis oxygona, ni mpira wa mistari kutoka upande wa kusini mwa Brazili, Uruguay na Argentina. Inatoa watoto pembeni bila kuombwa. Ua lake lina shingo ndefu, linaweza kupita sentimita 20, linafunguka jioni na kesho yake kukiwa na jua linalegea. Mwenye kulala mapema anaweza kulikosa kabisa.

Ya tatu ni kaktusi ya vidole, Echinopsis chamaecereus, ya Argentina. Vidole vyake vinatambaa juu ya kopo na kuvunjika kwa kuguswa tu, na kila kidole kilichovunjika kinaweza kuwa mmea. Maua yake ni mekundu ya moto.

Ya nne, Rebutia, ni nzuri kuliko zote kwa macho, lakini si rahisi kwa Bunia. Ilipewa jina mwaka 1895 kwa heshima ya Mfaransa Rebut aliyekuwa mkulima wa kaktusi. Maua yake yanatokea chini, karibu na udongo, yanazunguka mama kama duara la moto. Kwao ni milima ya Bolivia na kaskazini ya Argentina, mahali pa baridi kali ya usiku. Huko inalala miezi kadhaa katika baridi na ukavu, kisha inaamka na maua. Sisi tuko karibu na ikweta, juu kupita mita 1,200. Usiku wetu ni mpoa lakini si baridi ya kuiambia Rebutia kwamba mwaka umegeuka. Itaishi, lakini maua yanaweza kuwa machache. Wenzetu wa milima ya juu, upande wa Djugu na Mahagi, wana bahati kutupita sisi wa mjini.

KOPO, UDONGO NA MVUA

Watu wanafikiri adui wa kaktusi katika Afrika ni jua. Adui wake hapa kwetu ni mvua. Bunia inapata mvua miezi mingi ya mwaka, na udongo wetu mwekundu ukilowana unashikamana kama wa kufinyanga matofali. Kaktusi iliyopandwa ndani ya udongo huo mtupu, nje penye mvua, inaoza kuanzia chini, na mwenyewe haoni kitu mpaka siku anapoigusa na kidole kinaingia ndani. Basi kazi yako yote ni moja: kufanya maji yapite, yasikae.

Tafuta kopo la tomate ao la maziwa ya unga, si kubwa. Kopo kubwa linashika maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa. Geuza kopo, toboa matundu matano ao sita chini kwa msumari mnene. Weka ndani vipande vya matofali ya kuchoma, kimo cha vidole viwili. Udongo wenyewe uuchanganye hivi: sehemu mbili za mchanga mzito wa mto, sehemu moja ya changarawe ndogo ao matofali yaliyopondwa kama punje za mahindi, sehemu moja ya udongo mweusi wenye mbolea iliyooza kabisa. Mchanga uuoshe mara tatu ao nne mpaka maji yatoke safi, maana lile vumbi lake laini ndilo linaziba njia. Ongeza makala yaliyopondwa, mkono mmoja kwa kila kopo tano. Usitie mbolea mbichi ya ng'ombe wala ya kuku. Ukitaka kujua kama mchanganyiko ni mzuri, ukamate mkononi ukiwa na unyevu kidogo na uubane: ukifungua mkono unapaswa kuanguka vipande vipande. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

Mahali pa kuweka ni pembeni ya baraza, chini ya ukingo wa manjanja, upande unaopata jua la asubuhi saa nne ao tano, lakini tone la mvua lisifike. Angalia tena maji yanayodondoka kutoka ukingo, maana ni mabaya kuliko mvua yenyewe. Ndani ya nyumba, mbali na dirisha, hapana. Huko kaktusi inarefuka na kuwa nyeupe, inatafuta mwanga kama mtu aliyefungwa, na kundi lake zuri linaharibika sura. Mmea uliokaa muda mrefu kivulini usiupeleke juani siku moja, utaungua. Uusogeze kidogo kidogo kwa majuma mawili.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza: "Itakunywa mayi mara ngapi?" Sitoi hesabu ya siku, sababu siku za Bunia hazifanani. Chomeka kijiti kikavu mpaka chini ya kopo, ngoja kidogo, kitoe. Kikitoka na udongo umeshikamana nacho, usimwagilie. Kikitoka safi na kikavu, mwagilia vizuri mpaka maji yatoke kwa matundu ya chini, kisha sahau. Wakati wa jua kali inaweza kuwa kila juma moja. Wakati wa mawingu, majuma mawili ao matatu. Kijiko cha maji kila siku ndicho kinaua. Wenye kuua kaktusi si wavivu, ni wale wenye kuipenda na kuipitia kila asubuhi na kikombe.

Kuanzia Desemba mpaka Februari, mvua zikipungua, tunafanya kile ambacho baridi inafanya huko kwao. Punguza maji sana: mara moja kwa mwezi, tena kidogo. Mmea utasinyaa, utaonekana kama mzee. Usiogope. Mvua za Machi zikianza, rudisha maji polepole, na majuma machache nyuma utatazama kati ya miiba kama kuna vichwa vidogo vya maua, kama punje ya mtama yenye manyoya. Vikishaonekana, usigeuzegeuze kopo, acha upande uleule utazame jua, la sivyo vinaweza kukauka. Kwa kaktusi changa subiri miaka miwili ao mitatu.

Kutenga watoto ni rahisi. Ngoja mtoto awe mnene kama mpira mdogo wa kuchezea. Kunja gazeti mara nne, mshike nalo, mzungushe taratibu mpaka aachane na mama. Mwache juu ya karatasi kavu, kivulini, siku tano mpaka saba, kidonda kikauke na kufunga. Hapo ndipo wengi wanakosa subira na kumpanda akiwa na kidonda kibichi, naye anaoza. Kisha mkalishe juu ya mchanga mkavu, usimzike. Umwegemeze na vijiwe viwili. Maji ya kwanza nyuma ya juma moja. Mizizi itakuja ndani ya mwezi mmoja hivi.

Wadudu ni kidogo. Ukiona kitu cheupe kama pamba kati ya vinundu, na siafu wadogo wanapanda na kushuka, pamba hiyo ni mdudu mwenye kunyonya, na wale wadogo wanamlinda juu ya utamu anaoutoa. Mtoe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika alkoli ya dawa, rudia kila juma mpaka aishe, na kopo lenye ugonjwa ulitenge.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

La kwanza ni ile kaktusi ya majani bapa kama sahani, Opuntia, ambayo Waswahili wa pwani wanaiita mpungate. Si ya somo letu, lakini mtu akikupa, fikiri mara mbili, na kipande chake usikitupe porini hata siku moja. Kila sahani iliyoanguka inatoa mizizi. Katika Australia ilipandwa kama ua na uzio, na kufika miaka ya 1920 ilikuwa imefunika karibu hektari milioni 24. Watu waliacha mashamba yao. Iliyoshinda vita hiyo ni viwavi vya nondo mdogo kutoka Argentina, Cactoblastis, walioachiliwa mwaka 1926, na mwaka 1936 wakulima wa Queensland walijenga jumba la mikutano na kulipa jina la mdudu huyo. Karibu na sisi, huko Laikipia katika Kenya, Opuntia iliyoletwa wakati wa ukoloni imekula malisho ya ng'ombe, na miiba yake midogo inaumiza vinywa vya mbuzi na matumbo ya tembo. Mwenye ng'ombe katika mbuga za Irumu hahitaji msiba wa namna hiyo juu ya misiba aliyo nayo.

La pili ni maneno ya watu. Kuna wenye kusema kwamba anayeweka mmea wa miiba karibu na mlango anatafuta kinga ya wachawi ao ya radi. Kongo yetu ya mashariki ni kati ya mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, kwa hiyo jambo hili si la kucheka. Hakuna kaktusi inayozuia radi. Radi ikianza, ingia ndani ya nyumba nzuri, uache mti na uache kiwanja cha mpira. Na kama jirani ameweka mmea kwa moyo wa hirizi, kosa liko katika moyo wake. Mmea hauna dhambi, na mtoto wake aliyetengwa kwa gazeti hana dhambi vilevile.

Nasema hayo kwa sababu wako wenzetu waliokimbia vita vya Djugu na Irumu tangu mwisho wa mwaka 2017, na leo jamaa zao hazina hata mita moja ya udongo mjini. Shamba halibebeki. Kopo moja linabebeka kwa mkono mmoja, na likikosa maji siku kumi njiani, halidhuriki. Mmoja wao aliniomba mtoto wa Mammillaria kwa ajili ya mama yake, ndiyo sababu nimeandika somo hili sasa, sikungoja mwisho wa mwaka.

Watoto wa Mammillaria prolifera walio tayari ni kumi na wanane, wa kaktusi ya vidole ni tisa, wa Echinopsis ni wanne tu. Wenye kutaka waje Jumamosi saa tisa nyuma ya bweni la wavulana, penye meza ya kunawia. Wasichana waje pamoja na kapita wao. Kila mmoja alete kopo lake lililokwisha kutobolewa, pamoja na kipande cha gazeti. Sipokei mfuko wa plastiki. Wale ambao jamaa zao wako katika kambi za wakimbizi watachagua kwanza, kisha darasa la kwanza, na sisi wa darasa la sita tutakuwa wa mwisho.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita